Nyonga Iko Wapi Hasa? Misuli Inayotubeba na Maumivu Tunayoyakosea Jina

Msimu wa ligi unapokolea, taarifa za majeruhi huanza kufanana: huyu anasumbuliwa na nyonga, yule amechanika nyama za paja, mwingine ameumia kinena na atakaa nje wiki tatu. Nyumbani nako maneno hayohayo yanatumika kwa namna nyingine kabisa. Bibi anayepanda ngazi kwa shida anasema nyonga zimekwisha; dereva wa bodaboda anasema mshipa wa nyonga umemkaba; kijana aliyepiga mpira akahisi kitu kimevutika ndani ya paja anaambiwa na wazee kwamba hiyo ni ngiri. Ukiwaomba watu hawa wote waweke kidole mahali nyonga ilipo, mmoja atashika ubavuni chini kidogo ya mkanda, wa pili atashika tako, wa tatu atashika mgongo wa chini, na wachache mno watagusa mkunjo wa kinena, ambako ndiko kiungo chenyewe kilikojificha.

Ningelichukulia jambo hili kuwa la lugha tu kama lisingekuwa na gharama. Lakini mahali mtu anapopaonyesha ndipo anapochuliwa, ndipo anapopakwa dawa, na mara nyingi ndipo anapopigwa picha ya eksirei. Nimemwona mama mmoja mtaani kwetu akichuliwa mgongo kwa miezi, ilhali ugonjwa ulikuwa ndani ya kiungo cha nyonga, na nimemwona mtoto akifungwa bandeji gotini kwa maumivu yaliyokuwa yakitoka juu, nyongani. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kuumia, inafaa tujue kilichopo mle ndani na kila kimoja kinafanya kazi gani.

Tuanze na maneno. Msuli ni nyama nyekundu inayoweza kujikunja na kulegea. Ile steki tunayoinunua buchani ni msuli. Kazi yake ni moja tu, kuvuta. Hakuna msuli unaojua kusukuma, na ndiyo maana kila msuli unaokunja kiungo unahitaji mwenzake wa upande wa pili wa kukikunjua. Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayoufunga msuli kwenye mfupa. Anayekula supu ya makongoro anaijua, kwa kuwa ndiyo inayokuwa kama ulimbo baada ya kuchemka kwa saa nyingi. Gegedu ni ule utando laini unaong'aa kwenye ncha ya mfupa, unaowezesha mfupa mmoja kuteleza juu ya mwingine bila kusagana.

Neno linalotutaabisha zaidi ni mshipa. Tuna mishipa ya damu, tuna mishipa ya fahamu inayopeleka amri na kurudisha maumivu, na katika pwani yetu mshipa ni jina la ugonjwa pia, ama ngiri ama busha. Juu ya hayo, mtu aliyeumia msuli husema mshipa umevutika. Vitu vinne vinabeba jina moja, na vinne hivyo havitibiwi kwa njia moja. Humu nitatumia mshipa kwa ule wa damu na ule wa fahamu tu.

Jozi nyingine inayochanganywa ni kiuno na nyonga. Kiuno ni sehemu iliyo kati ya mbavu za mwisho na fupanyonga, yaani lile fupa pana lililo kati ya uti wa mgongo na mapaja, na ndani yake hakuna mfupa mwingine zaidi ya pingili za uti wa mgongo. Nyonga ni kiungo kinacholiunganisha fupanyonga na fupa la paja, na kila mtu anazo mbili. Tunaposema mchezaji wa chakacha anakata kiuno, jicho linakiona kiuno kikizunguka, lakini pingili za kiuno zina uwezo mdogo sana wa kuzunguka. Kinachozunguka hasa ni fupanyonga zima, likiwa limeegemea juu ya vichwa viwili vya mapaja. Nyonga zikiganda, mtu huyohuyo hawezi kukata kiuno hata kama mgongo wake ni mzima.

Kiungo hicho kimeumbwa kama mchi na kinu, ila kinu chenyewe kimeinamishwa, mdomo wake ukatazama chini na nje kidogo. Kichwa cha fupa la paja ni cha mviringo kama ncha ya mchi na kinaingia ndani ya kikombe cha fupanyonga. Mchi ndani ya kinu unaweza kuinamishwa mbele, nyuma, pembeni, na kuzungushwa papo hapo. Nyonga nayo hufanya yote hayo. Ugumu unakuja kwa sababu fupa la paja, ambalo ndilo refu kuliko mifupa yote mwilini na huwa karibu robo ya kimo cha mtu, haliingii kwenye kikombe moja kwa moja. Linapofika juu hutoa nundu kubwa upande wa nje, kisha linakata kona kuelekea ndani kwa shingo nyembamba, na mwisho wa shingo hiyo ndipo kilipo kichwa. Ile nundu ndiyo unayoigusa ukishika ubavu wa paja lako, ndiyo inayouma ukilalia ubavu kwenye mkeka mwembamba, na ndiyo watu wengi wanayoiita nyonga. Kiungo kiko ndani zaidi na kimesogea katikati, nyuma ya mkunjo wa kinena. Kwa hiyo kiungo cha nyonga kinapougua, maumivu huonekana kinenani, mbele ya paja, na pengine kwenye goti; maumivu ya juu ya ile nundu kwa kawaida ni ya kano za misuli ya ubavuni au ya kifuko cha maji kilicho chini yake.

Hapa nichepuke kidogo kuwataja akina mama. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yametanuka na magoti yamekunjwa, ana vichwa vya mapaja vilivyotulia barabara ndani ya vikombe vyake, na huo ndio mkao ambao madaktari wa mifupa wanaupendekeza kwa nyonga changa. Kumviringisha mtoto mchanga kwa nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja hufanya kinyume chake, kwa kuwa kunavisukuma vichwa hivyo vitoke nje.

Sasa misuli. Ninaanza na ile ya ubavuni, ingawa si mikubwa, kwa sababu ndiyo isiyosemwa kabisa na ndiyo inayofanya kazi kila tunapopiga hatua. Ni misuli miwili ya tako, wa kati na mdogo, inayotoka kwenye bawa la fupanyonga, pale unapowekea mikono ukisimama kwa kujishika kiuno, na kushuka hadi kwenye ile nundu ya paja. Fikiria unatembea. Kila hatua ina muda ambao mguu mmoja uko hewani, na kwa muda huo mwili mzima, kichwa, kifua, mikono na ule mguu ulioinuliwa, unaning'inia juu ya nyonga moja tu, tena kwa upande, kwa kuwa katikati ya mwili haiko juu ya nyonga hiyo. Kwa kanuni ya kawaida fupanyonga lingeporomokea upande usio na mguu. Haliporomoki kwa sababu misuli ya ubavu wa mguu uliosimama inalivuta kutoka upande wa pili, kama mzani wa mkono ambao mzigo mzito umening'inizwa mbali na mwenye mzani akashikilia upande mfupi. Anayeshikilia upande mfupi hutumia nguvu nyingi kuliko uzito wa mzigo, na ndivyo ilivyo hapa: ukijumlisha uzito wa mwili na mvuto wa misuli hiyo, kichwa cha paja hubanwa ndani ya kikombe kwa nguvu inayozidi mara 2 ya uzito wako, na hapo unatembea tu, hujakimbia.

Misuli hii ikidhoofika, au mshipa wa fahamu unaoiamuru ukiumia, fupanyonga huporomoka upande wa pili kila mguu huo unaposimama peke yake, na mtu huanza kutembea akiyumba kama bata. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alilieleza jambo hili mwaka 1895, na mpaka leo kipimo chake hakihitaji mashine. Simama mbele ya kioo, weka vidole juu ya pande mbili za fupanyonga, kisha inua mguu mmoja. Upande wa mguu ulioinuliwa unapaswa kubaki sawa au kupanda kidogo. Ukishuka, tatizo liko upande wa mguu uliosimama, wala si ule ulioinuliwa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Ukishauelewa mzani huo, mambo mawili ya kila siku yanaeleweka. La kwanza ni ndoo. Aliyebeba ndoo ya lita 20 kwa mkono wa kulia anaitwisha kazi misuli ya nyonga ya kushoto, kwa sababu kila akisimama juu ya mguu wa kushoto, ndoo iko mbali kabisa na mhimili. Ndoo hiyohiyo ikiwekwa kichwani, uzito unabaki katikati na nyonga mbili zinagawana. La pili ni fimbo. Mzee anayeumwa nyonga ya kulia karibu kila mara hushika fimbo kwa mkono wa kulia, na jamaa humsifu kwa kuegemea upande mbovu. Fimbo inafaa ishikwe mkono wa upande usiouma. Ikiwa mbali na nyonga mbovu, msukumo mdogo wa mkono unatosha kuizuia fupanyonga isiporomoke, misuli ya ubavuni inapumzika, na mbano ndani ya kiungo unapungua sana.

Nyuma ya misuli hiyo uko ule msuli mkuu wa tako, mkubwa kuliko wote mwilini. Kwenye tambarare hautumiki sana, jambo linalowashangaza wengi. Kazi yake inaonekana unapopanda ngazi, unapokimbia, unapoinuka kutoka choo cha kuchuchumaa, au unaponyanyuka kutoka kwenye sijida kuja wima. Mzee anayejishika ukuta kila anapotoka msalani mara nyingi anafikiri magoti ndiyo yaliyochoka, kumbe msuli huu na ile ya mbele ya paja imepungua kwa kutotumika. Na misuli, tofauti na gegedu iliyokwisha kulika, hurudi. Kuketi kitini na kusimama bila kutumia mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, ni zoezi dogo ambalo naliheshimu kuliko mafuta yote ya kuchulia.

Chini ya msuli huo mkuu hupita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, unaokaribia unene wa kidole. Unatoka kwenye pingili za chini za mgongo, unapita katikati ya tako, chini ya msuli mdogo wenye umbo la peasi, kisha unashuka nyuma ya paja hadi nyayoni. Mshipa huu una mambo mawili ya kukumbukwa. Kwanza, sindano ya tako hupigwa robo ya juu, upande wa nje, ili isiuguse. Iliyopigwa chini na ndani inaweza kumwacha mtu akiburura mguu. Kwa watoto wachanga, ambao tako lao bado halina nyama ya kutosha, chanjo hupigwa mbele ya paja upande wa nje, na mzazi anayedhani muuguzi amekosea mahali ajue kwamba ndipo penyewe. Pili, maumivu yanayowaka kutoka takoni, yakapita nyuma ya paja na kushuka hadi ugokoni au vidoleni, mara nyingi hayatoki nyongani wala hayatoki kwenye msuli wowote wa paja. Yanatoka mgongoni, ambako chanzo cha mshipa huo kimebanwa. Huyo ndiye dereva wetu wa bodaboda. Kuchuliwa tako kunaweza kumpa nafuu ya saa moja, lakini mshipa uliobanwa bado umebanwa palepale.

Upande wa mbele kuna msuli ambao ningependa kila mtu aujue, nao sina njia nzuri ya kuueleza kuliko kumpeleka msomaji buchani. Ile nyama laini kuliko zote, iliyolala ndani kando ya uti wa mgongo wa ng'ombe, ambayo wazee waliiita sarara na siku hizi inauzwa kama fileti, sisi pia tunayo. Inaanzia kwenye pingili za kiuno, inashuka ndani ya tumbo nyuma ya utumbo, inaungana na msuli mwingine unaolala ndani ya bawa la fupanyonga, kisha inapita kinenani na kujishika kwenye nundu ndogo ya ndani ya fupa la paja. Huu ndio msuli unaoinua goti unapopanda daladala. Ng'ombe anautumia kidogo, ndiyo maana nyama yake ni laini. Sisi tunaosimama wima tunautumia kila hatua.

Kwa kuwa umeunganisha mgongo na paja, msuli huu ni kama njia ya chini kwa chini. Kifua kikuu kikishambulia pingili za mgongo, usaha unaweza kushuka polepole ndani ya ala ya msuli huu na kujitokeza kinenani kama uvimbe usio na joto wala wekundu, mgonjwa akashangaa kuambiwa kwamba chanzo kiko sentimita 20 juu yake. Uvimbe wa kinena katika nchi zetu una majina mengi na kila jina lina tiba yake. Mtoki ni tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda au maambukizo mguuni, na kidonda kikitibiwa hupungua. Ngiri ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni iliyopenya kwenye udhaifu wa ukuta wa tumbo, na hutambulika kwa uvimbe unaojaa ukikohoa au kuinua mzigo na kurudi ukilala. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Mwenye uvimbe wa kinena anastahili kulazwa juu ya kitanda cha zahanati na kupapaswa na mtu aliyesomea, kabla hajapewa jina lolote.

Misuli minne ya mbele ya paja haihitaji maneno mengi. Inaungana juu ya goti, inakishika kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti, na kulinyoosha goti. Mmoja kati ya minne hiyo, ulio katikati, hautoki kwenye paja bali kwenye fupanyonga, kwa hiyo unapita juu ya viungo viwili. Uweke akilini, tutaurudia. Juu yake umekatiza msuli mwembamba mrefu kuliko yote mwilini, kutoka pembe ya fupanyonga hadi upande wa ndani wa goti. Wataalamu wa zamani waliupa jina la Kilatini linalotokana na neno fundi cherehani, kwa vile unasaidia kuikunja miguu na kuipishanisha kama mafundi walivyokuwa wakiketi kushona.

Ndani ya paja, kutoka kinenani kushuka, kuna kundi la misuli ya kuyafumba mapaja. Mpanda farasi anaijua, na mchezaji wa mpira anaijua zaidi, kwa sababu ndiyo inayopeleka mguu kwa ndani unapopiga mpira kwa upande wa kiatu na ndiyo inayouzuia mguu usiteleze nje unapogeuka ghafla. Kano zake zimejishika kwenye mfupa wa kinena, sehemu finyu iliyo jirani kabisa na mahali ngiri inapotokea, na ujirani huo ndio mama wa mkanganyiko wote. Njia rahisi ya kutofautisha ni hii: laza mgonjwa chali, kunja magoti, weka ngumi katikati ya magoti yake na umwambie aibane. Maumivu makali yakija kinenani wakati wa kubana, na hakuna uvimbe unaojaa akikohoa, misuli ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kipimo hiki hakimwondolei mtu safari ya hospitali, ila kinamwepusha kijana na kuishi miezi sita na jina la ugonjwa asiokuwa nao.

Zimebaki nyama za nyuma ya paja, ambazo ndizo zinazojaza kurasa za michezo. Ni misuli mitatu. Inatoka kwenye mfupa wa kukalia, ule unaousikia ukiketi kwenye benchi gumu, inashuka nyuma ya paja na kugawanyika pande mbili nyuma ya goti, ambako ukikunja goti utazishika kano zake kama kamba mbili. Inakunja goti na inavuta paja nyuma. Karibu yote inapita viungo viwili, nyonga na goti, kama ule msuli wa katikati wa mbele, na hiyo ndiyo sababu misuli hii huchanika kuliko mingine: paja likienda mbele huku goti likinyooka, inavutwa kutoka ncha zote mbili kwa pamoja.

Wengi wanafikiri msuli huchanika mwanariadha anapousukuma mwili kwenda mbele. Mara nyingi huchanika wakati wa kufunga breki. Mtazame mkimbiaji wa kasi kama Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021. Mguu wake unarushwa mbele kwa kasi kubwa mno, goti likifunguka, na sehemu chache za mia za sekunde kabla unyayo haujagusa ardhi, nyama za nyuma lazima ziusimamishe mguu huo. Ziko katika hali ya mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe anayekimbia: anavuta kwa nguvu zake zote, na bado kamba inamponyoka. Msuli unaokaza huku unarefushwa ndio ulio hatarini, na sehemu inayoachia mara nyingi ni pale nyama inapoungana na kano.

Ndiyo maana kujinyoosha kwa dakika mbili kabla ya mechi hakutoshi kuwa kinga. Kinachosaidia zaidi ni kuufundisha msuli kazi hiyohiyo ya breki. Zoezi linalojulikana kama la Kinordi halina gharama: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole akiwa amenyooka, akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka anaposhindwa na kujidaka kwa mikono. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba timu zinazolifanya kwa utaratibu hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Inaniuma kuona timu za mitaani zenye vijana wazuri zikimaliza msimu bila kulifanya hata mara moja, wakati halihitaji kifaa chochote.

Kubanwa na msuli na kuchanika msuli ni mambo mawili. Msuli uliobana umekaza wenyewe na hauachii; ukiunyoosha taratibu unatulia, na kesho yake mtu anatembea. Msuli uliochanika una nyuzi zilizokatika na damu inayovuja ndani, na michubuko ya rangi ya zambarau inaweza kutokea chini ya jeraha baada ya siku moja au mbili, kwa kuwa damu hushuka. Uwanjani si rahisi kuamua papo hapo. Usain Bolt alipoanguka katika fainali ya kupokezana vijiti jijini London, Agosti 2017, daktari wa timu alisema ni msuli wa nyuma ya paja la kushoto uliobana. Siku chache baadaye Bolt mwenyewe alitoa taarifa ya kitabibu iliyoonyesha kwamba ulikuwa umechanika. Ikiwa kwa mtu yule jibu lilihitaji vipimo, mchezaji wa mtaani asiamuliwe kurudi uwanjani kwa sababu maumivu yamepoa kidogo. Aliyewahi kuchanika ana hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena, hasa akirudi kabla msuli haujapata nguvu yake.

Na hapa kuna desturi ninayoomba kwa dhati tuiache. Mtu akichanika au akipigwa goti la pajani, jambo la kwanza linaloletwa ni maji ya moto na mikono yenye nguvu ya kuchua. Joto na kuchua kwa nguvu katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza kuvuja kwa damu. Paja lililopigwa likichuliwa sana, damu iliyoganda ndani ya msuli inaweza hata kugeuka kuwa mfupa, na mchezaji akabaki na kipande kigumu kinachomzuia kukunja goti. Katika siku hizo za mwanzo yanatosha mapumziko, bandeji isiyokaza sana, mguu uliowekwa juu ya mto, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila inapowekwa. Kuchua kwa upole na mazoezi yana wakati wake, baadaye.

Si kila maumivu ya sehemu hii ni ya msuli, na yapo matatu ambayo hayastahili kusubiri. Mtoto anayechechemea huku ana homa na hataki paja lake liguswe huenda ana usaha ndani ya kiungo, na gegedu yake inaweza kuharibika katika siku chache. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akilalamikia goti ilhali goti halijavimba, apimwe nyonga, kwa kuwa viungo hivyo viwili vinapata hisia kupitia mishipa ya fahamu inayoshirikiana. Wa pili ni mwenye selimundu anayeumwa kinena. Kichwa cha fupa la paja hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopanda juu ya shingo ya mfupa, na ikizibwa na chembe za damu zenye umbo la mundu, kichwa hicho hufa kidogo kidogo na kubonyea. Kumwambia kwamba ni baridi yabisi ni kumpotezea muda ambao mfupa wake hauna.

Wa tatu ni bibi aliyeteleza msalani. Kwa kawaida jamaa husema ameteguka nyonga. Kuteguka kwa kweli, kichwa kikatoka nje ya kikombe, huhitaji nguvu kubwa kama ya ajali ya gari, na mguu hugeukia ndani. Kwa mzee aliyeanguka chini kutoka wima, kinachovunjika ni ile shingo nyembamba au mfupa ulio chini yake, na mguu wake husema wazi: unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Hiyo ni kazi ya misuli tuliyoitaja. Mfupa ukiwa mzima ndio unaoizuia isijikunje. Ukikatika, msuli wa sarara, wa tako na ya paja inavuta kila mmoja upande wake, kipande cha chini kinapanda juu na kugeuka. Kuuvuta mguu huo nyumbani au kuukanda ni kuzidi kuichana ile mishipa midogo inayopanda shingoni. Alazwe, mguu uwekewe mto kila upande, na apelekwe kwa daktari wa mifupa akiwa amelala.

Akifanyiwa upasuaji, familia isishangae mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimsimamisha kesho yake. Kila siku ya kulala inapunguza misuli ambayo bibi huyo hakuwa nayo ya ziada, na ya ubavuni, iliyopitiwa na kisu cha upasuaji au kupoteza mhimili wake, ndiyo inayochelewa kurudi. Kwa wiki nyingi atatembea akiyumba kidogo upande ule. Mpeni fimbo yake mkono wa upande mzima, na atakayemsindikiza msalani asimame upande ulioumia.